Anza na Merikani, Malizia na Jina

Ukipita kwenye maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, au kwenye vibanda vya sanaa vya Dar es Salaam na Mombasa, hukosi kuona picha zilizobandikwa vipande vya kanga. Mwanamke amechorwa kwa rangi, gauni lake limekatwa kwenye kitambaa halisi, kazi imekwisha. Zinapendeza na zinauzika. Ila ukikibandua kile kitambaa ukapaka rangi nyekundu mahali pake, picha haipotezi kitu. Kitambaa kilikuwa kinasindikiza tu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kitambaa kiongoze. Tutatengeneza picha mseto, yaani rangi, nguo, karatasi na chapa kwa pamoja juu ya ubao mmoja, na tutaijenga kwa mfuatano uleule ambao nguo za pwani zilifuatana: merikani kwanza, kisha kaniki, kisha chapa za mkono, kisha kanga, na mwishoni jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Ukishaufuata mfuatano huo mara moja, baadaye uvunje upendavyo.

Merikani ilianza kuingia Zanzibar kwa wingi katika miaka ya 1830, ikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitiliana saini na Marekani mkataba wa biashara, na pamba hiyo nene isiyopaushwa ikasafiri hadi bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu, ikitumika njiani kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, viliiadimisha, na baadaye viwanda vya Bombay vikaziba pengo. Kaniki nayo ilikuwa pamba iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi, nguo ya watumwa na mafukara. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliitupa kaniki wakajifunga kanga, ili mtu asiwasome tena hali yao kwa nguo. Kanga za mwanzo zilipigwa chapa kwa mkono juu ya pamba ya kawaida. Punde viwanda vya Uholanzi na Uingereza vikaingia, baadaye India na Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1968.

Historia hiyo ndiyo ratiba yako ya kazi. Kila tabaka la picha lina umri wake, na la chini lazima lichungulie chini ya la juu. La sivyo, ulikuwa na haja gani ya kulipaka?

Nguo ya kukata na nguo ya kuacha

Kwanza kabisa, usikate kanga ya bibi. Hasa usikate kisutu, kanga ya maharusi, kilichotoka kwenye sanduku la harusi ya mtu. Kanga za zamani zenye jina kwa herufi za Kiarabu pia ziache zilivyo. Ni chache, na zinazobaki zinastahili kukunjwa vizuri na kuhifadhiwa. Nguo kama hiyo ipige picha mchana kivulini, uichapishe, ufanye kazi na karatasi. Picha ya nguo ndani ya picha si udanganyifu, mradi usimwambie mnunuzi kuwa ni kanga ya 1900.

Cha kukata kitafute kwenye kanga iliyochakaa ya nyumbani kwako, ile ambayo imeshafungia mtoto, imeshatandikwa, imeshageuzwa kitambaa cha jikoni. Pamba iliyofuliwa miaka mingi ni laini, hunywa gundi vizuri na rangi yake imeshatulia. Kanga mpya ya dukani ina wanga mwingi, unaoifanya ing'ae kwenye rafu na unaozuia gundi kushika. Ukilazimika kutumia mpya, iloweke usiku kucha, ifue kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe. Kisha ijaribu: weka kipande chake kikiwa na unyevu juu ya kitambaa cheupe, piga pasi. Nyekundu ikihamia kwenye cheupe, rudia kufua. Nyekundu ndiyo msumbufu wa siku zote, na ikikuponyoka juu ya merikani hakuna dawa.

Merikani utaipata kwenye maduka ya vitambaa kwa mita. Kaniki pia bado inauzwa, ingawa muuza duka huenda akakutazama mara mbili, kwa kuwa wateja wake wengi huinunua kwa kazi za uganga. Mwambie ni ya kuchorea. Hatakuamini, lakini atakuuzia.

Ubao

Chukua plaiwudi ya milimita 6 au zaidi na umwombe seremala akukatie sentimita 80 kwa 60. Uwiano huo unakaribia ule wa kanga moja, yenye urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei. Piga msasa, pangusa vumbi, halafu paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, upande wa mbele na wa nyuma pia. Ubao uliopakwa upande mmoja hupinda, na hewa ya pwani huupinda haraka zaidi.

Merikani ifue kabla, maana inarudi ikigusa maji. Ikate ikiwa imezidi ubao sentimita 5 kila upande. Gundi vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji: paka kwenye ubao, tandaza nguo, halafu sukuma kwa brashi pana kuanzia katikati kwenda pembeni. Paka tena juu yake. Kunja mabaki nyuma, bandika, acha mpaka kesho. Asubuhi ukikuta uvimbe wa hewa, upasue kidogo kwa wembe, ingiza gundi kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake, ukandamize kwa kitabu kizito kilichofunikwa kwa nailoni.

Sasa jizuie. Wachoraji wengi wana mazoea ya kupaka nyeupe kila kitu kabla ya kuanza. Usipake. Rangi ya asili ya merikani, ile inayofanana na maziwa yaliyotiwa chai kidogo, ndiyo mwanga wa picha yako, na nyeupe halisi utakayoigusa baadaye hapa na pale itang'aa kwa sababu yake.

Weusi wa kaniki

Tabaka la pili ni giza. Changanya akriliki ya bluu nzito na kahawia iliyoiva mpaka upate rangi ambayo ndani ya nyumba ni nyeusi na dirishani ni bluu. Usitumie nyeusi ya kwenye chupa. Kaniki haikuwa nyeusi namna hiyo, na nyeusi ya chupa huua kila kinachokaa karibu nayo. Izimue kwa maji, ipake kwa tabaka nyembamba tatu au nne badala ya moja nzito, ukiacha kama theluthi ya ubao bila kuigusa.

Kabla ya kupaka, unaweza kuzuia sehemu fulani zisipate rangi. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, uuache upoe, uchore nao mistari au madoa kwa brashi juu ya merikani, uuache ukauke kabisa mpaka upasuke. Paka rangi juu. Ikikauka, lowanisha kwa sponji na ukwangue uji kwa mgongo wa kijiko: chini yake merikani itatokea, na nyufa za uji zitakuwa zimepitisha nyuzi nyembamba za bluu ambazo hakuna brashi inayoweza kuzichora. Wayoruba wa Nigeria hutumia uji huohuo wa muhogo katika nguo zao za nili ziitwazo adire. Hakikisha tu umeutoa wote. Wanga uliobaki huita mende.

Unaweza pia kubandika kaniki yenyewe. Ukifanya hivyo, irarue kwa mkono badala ya kuikata kwa mkasi. Ukingo wenye nyuzi zinazoning'inia unasema kitu kuhusu nguo hiyo ambacho ukingo ulionyooka hausemi.

Chapa, na tatizo la kona

Mhuri bora wa bei ya chini uko mlangoni kwako: kandambili iliyokatika ukanda. Mpira wake unachongeka kwa kisu cha kukatia karatasi, haunywi rangi kupita kiasi, na hudumu. Chora umbo kwa kalamu, chonga pembeni yake kwa kina cha nusu sentimita, bandika kwenye kipande cha mbao cha kushikia. Mhuri upake rangi kwa sponji. Ukiuchovya mhuri kwenye kopo utapata dimbwi badala ya umbo. Jaribu kwanza kwenye gazeti.

Umbo gani? Korosho ni la kuanzia, kwa sababu lina kichwa na mkia, na ukiligeuza upande, mwendo wa picha nzima unageuka nalo. Madoa ni rahisi kuyapiga na magumu kuyapanga. Chukua kanga yoyote uitazame kwa rula mkononi: mara nyingi mstari wa pili wa maua haukai chini ya wa kwanza sawasawa, umesogea nusu hatua, ili jicho lisione safu za wima kama za askari. Iga hilo. Piga mistari ya penseli nyepesi, weka alama za katikati ya kila mhuri, halafu ndipo upige.

Ugumu wote wa kazi hii uko kwenye kona za pindo. Mhuri unaokwenda vizuri kando ya ubao utafika kwenye kona ukiwa umekatika nusu, na hapo ndipo mchoraji asiyejipanga hutambulikana. Wachora kanga wana majibu yao. Wengine hukata pindo kwa mshazari, pande mbili zikakutana kama fremu ya mlango. Wengine huweka kisanduku kwenye kona chenye umbo tofauti kabisa, ua kubwa au duara, na pindo zote mbili zikaishia hapo. Wengine huacha upande mmoja upite mpaka mwisho na mwingine ugonge ubavu wake. Kaa na kanga nne au tano uzitazame kona tu, huku umesahau kila kitu kingine, uchague jibu lako kabla ya kugusa rangi. Mimi napenda kisanduku. Kinasamehe hesabu mbovu, na kinakupa pahali panne pa kuweka vitu ambavyo havina nafasi kwingine: stempu ya barua, kipande cha ukili, kitufe.

Kuhusu idadi ya rangi, fuata kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Nguo hiyo ya maharusi imedumu vizazi kwa rangi tatu na maumbo madogo yaliyorudiwa mno, na haina hata jina. Ukihisi picha yako imekosa kitu, mara tisa kati ya kumi haijakosa rangi ya nne.

Kanga yenyewe

Hapa ndipo unapobandika kipande halisi, na hapa ndipo inabidi uamue picha inahusu nini. Nguo imeshakupa ramani: pindo linazunguka, mji uko katikati, jina liko chini ndani ya kisanduku chake. Sura ya mtu, nyumba, jahazi, au chochote unachotaka kuchora, kiweke kwenye mji. Pindo liwe la kile kinachoizunguka habari hiyo. Tuseme unachora bandari: mji uwe maji na vyombo, pindo liwe la magunia, kamba, namba za makontena, vipande vya nguo zilizokuja na meli hizo. Halafu ruhusu kitu kimoja, kimoja tu, kivuke kutoka kwenye mji kiingie kwenye pindo. Mlingoti, kwa mfano. Kitu hicho ndicho macho yataenda nacho.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, ni wa kumtazama kwa makini katika hili. Amechora kazi nyingi kwa kuuchukua mpangilio wa kanga, pindo na maneno na vyote, kwa rangi peke yake bila kubandika uzi hata mmoja. Ukiona kazi zake utaelewa kuwa kinachoazimwa kwenye kanga ni nidhamu yake, na kitambaa ni hiari.

Ukichagua kubandika, usikate kanga ikiwa laini, itafumuka. Ipake gundi iliyozimuliwa kwa nyuma, itundike ikauke. Itakuwa ngumu kama karatasi na mkasi utaifuata kila mkunjo. Kumbuka nguo ina pande mbili. Upande wa nyuma, uliofifia kidogo, ni mzuri kwa vitu vya mbali, kama vile nyumba za ng'ambo ya mkondo au watu walio nyuma. Bandika, kisha ipake rangi juu: kivuli chembamba cha kaniki upande mmoja wa kipande kitakiingiza ndani ya picha. Kipande kisichoguswa na rangi hata kidogo hubaki kinaelea, na hapo tumerudi kwenye maduka ya zawadi.

Jina

Neno ndilo la mwisho kuingia, kama lilivyo la mwisho kusomwa. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kukata jina kutoka kwenye kanga uliyonayo. Ukifanya hivyo, cheza nalo. Kanga ikisema *Japo sipati tamaa sikati*, si lazima uiweke yote. Ficha nusu ya kwanza chini ya rangi, acha *tamaa sikati*, na msomaji anayelijua jina hilo atalikamilisha mwenyewe. Asiyelijua ataona ukaidi tu. Kata zaidi ubakize *sikati*, na umeshaandika jambo jingine. Lakini fikiri unamwambia nani. Kanga hupewa mtu, huvaliwa mbele ya mtu, na jina la kijembe likitundikwa sebuleni litasomwa na mawifi pia.

Ya pili ni kutunga lako na kulihamisha kutoka kwenye karatasi. Liandike kwa herufi kubwa kwenye kompyuta, uligeuze kinyume kama linavyoonekana kwenye kioo, ulitoe kwa fotokopi au printa ya unga. Printa ya wino wa maji haifai, wino wake utavuja. Paka gundi au akriliki isiyo na rangi mahali pa jina, laza karatasi kifudifudi, kandamiza, ondoa hewa, acha usiku mzima. Kesho yake lowanisha karatasi kwa sponji na uisugue kwa ncha ya kidole, polepole kwa mzunguko. Karatasi itatoka vipande vipande na herufi zitabaki zimeshika kwenye nguo. Zikikauka utaona ukungu mweupe; hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki, lowanisha usugue tena. Herufi chache zitachubuka. Ziache.

Njia hii inafaa pia kwa picha za zamani. Studio ya A. C. Gomes ya Zanzibar ilipiga picha za wanawake waliovaa kanga za enzi hizo, na nakala zake zimo vitabuni. Zitazame hata kama huna mpango wa kuzihamisha: madoa yalikuwa makubwa kuliko ya leo, na namna ya kujifunga ilikuwa nyingine.

Mafuta juu ya maji

Ukitaka mng'ao mahali fulani, tumia rangi ya mafuta ya kupakia milango, ile aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga kwenye vipande vya hadibodi kabla ya kifo chake mwaka 1972. Inakaa vizuri juu ya akriliki iliyokauka. Kinyume chake hakiwezekani: akriliki juu ya rangi ya mafuta itabanduka kama ngozi ya nyoka. Mafuta juu ya maji, si maji juu ya mafuta. Kwa hiyo kila kinachohusu gundi, nguo na karatasi kiwe kimekwisha kabla hujafungua kopo hilo, na dirisha liwe wazi.

Anayeishi Uganda ana nguo nyingine ya kufikiria, nayo ni ya gome la mutuba. Utengenezaji wake Buganda umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2008. Rangi yake ya kahawia tayari ni picha nusu, kwa hiyo ruka hatua za merikani na kaniki, bandika gome moja kwa moja, na upake kidogo sana. Sanaa Gateja, msanii wa Uganda, hushona juu yake shanga za karatasi zilizoviringishwa, na mara nyingi huacha gome lionekane. Kikoi ni rahisi zaidi: ni mistari, na mistari unaweza kuichora kwa utepe wa kubandikia na brashi. Nguo za rafia za Wakuba wa Kasai, Kongo, zina hesabu yake nyingine kabisa, na zinahitaji mwongozo wake.

Picha ikikamilika, iache wiki moja kabla ya vanishi ya maji, tabaka mbili nyembamba. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua. Nyekundu na njano za kanga hufifia upesi kuliko akriliki iliyo kando yake, na baada ya miaka picha itaharibika kwa mabaka. Usiiegemeze pia kwenye ukuta wenye unyevu. Weka vipande vidogo vya kizibo nyuma, kona zote nne, ili hewa ipite na ukungu usiote. Misumari na vishikizo viwe vya shaba au visivyoshika kutu, hasa kama unaishi karibu na bahari.

Mwisho geuza ubao uandike nyuma: mwaka, jina la kanga uliyoikata na ilikotoka, gundi na rangi ulizotumia, na kwa mpangilio gani. Atakayeikarabati picha hiyo siku moja atahitaji kujua hayo yote. Andika kwa penseli, wino hufifia.